Karatasi ngumu: Mizani kwanza, fedha baadaye

WENYE maduka ya steshenari na wachapaji wadogo wa kadi za harusi, vyeti na kadi za biashara wanaweza kupunguza hasara kwa kutumia kifaa kinachopatikana katika kila soko: mizani.

Hasara yenyewe si ndogo. Katika kila karatasi ngumu 100, zikiharibika 20 mashineni, gharama ya karatasi kwa kila kadi iliyosalimika imepanda kwa asilimia 25. Kwa mwenye faida ndogo, kazi hiyo ameifanya bure.

Karatasi hutajwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na karatasi 16 za A4 hufanya mita moja. Hivyo karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Pakiti ya karatasi 100 za gramu 160 ni kilo moja. Za gramu 220 zinapaswa kufika kilo 1 na gramu 375. Pakiti iliyoandikwa 220 ikisoma kilo moja tu, mnunuzi anauziwa 160.

Hata hivyo, nzito zaidi si bora zaidi. Printa nyingi ndogo za leza zina kikomo cha gramu 160 hivi. HP LaserJet ndogo nyingi zimeandikiwa 163. Kikomo hicho kimo katika kitabu cha mashine, nacho kisomwe kabla ya kununua karatasi.

Sababu ni joto. Printa ya leza hutumia wino wa unga, yaani tona, unaoyeyushwa kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Karatasi nzito hunyonya joto hilo, unga usishike vizuri, na herufi zikabanduka mkononi mwa mteja. Dawa ni kuchagua "karatasi nzito" kwenye kompyuta kabla ya kuchapa, ili mashine ipunguze mwendo au iongeze joto. Karatasi ziingizwe kwa mkono, na kama mashine ina mlango wa nyuma, ufunguliwe ili kadi ipite bila kupindwa.

Karatasi za kung'aa zilizotengenezwa kwa printa za wino wa maji ziepukwe kabisa. Utando wake unaweza kuyeyuka na kuganda kwenye rola, na matengenezo yake hayalingani na bei ya pakiti.

Kwa walioko mwambao, kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, pakiti ifungwe kila baada ya kazi. Karatasi ikinyonya unyevu hujikunja na kukwama.

Kabla ya kununua boksi zima, nunua karatasi tano. Chapa, sugua kwa kidole, kunja. Muuzaji akikataa kukuuzia tano za majaribio, mwachie boksi lake.