Wateja wangu wa mayai walinikimbia: nilivyowarudisha

Wengi mnaponipigia simu mnauliza chanjo ya kideri, mchanganyiko wa chakula, ukubwa wa banda. Suala la wateja mnalikumbuka trei zikishajaa stoo. Leo naeleza kosa langu mwenyewe, maana mimi afisa ugani ninayewafundisha wengine nilipoteza karibu wateja wote.

Nilikuwa na kuku wa mayai 300 hapa Morogoro. Wakitaga vizuri, kama asilimia 80, napata mayai 240, yaani trei nane kwa siku. Wateja wangu walikuwa vijana wa chipsi wa stendi, maduka mawili na mgahawa mmoja. Kuku walipofika wiki ya 80 na utagaji kushuka, nikawauza wote kwa mpigo, nikasafisha banda, nikaagiza vifaranga. Kitaalamu nilikuwa sawa kabisa. Kibiashara nilijichimbia shimo, kwa sababu kifaranga anahitaji wiki 18 hadi 20 ndipo aanze kutaga. Karibu miezi mitano sina yai hata moja, na sikumwambia mtu.

Niliporudi na trei zangu mpya, hakuna aliyezitaka. Kijana mmoja wa chipsi aliniambia huku anamenya viazi: "Bwana shamba, uliniacha solemba. Nilikusubiri mpaka saa tano, wateja wamekaa, mimi sina yai." Niliona aibu jamani. Halafu akaongeza kuwa hata kabla sijapotea, mayai yangu yalikuwa yanapasuka mkononi. Hilo nalo nilikuwa sijui!

Nikakaa chini na daftari la mauzo nikaandika kila aliyewahi kununua. Nikawazungukia mmoja mmoja, na safari ya kwanza sikubeba yai. Nilienda kuomba radhi na kuuliza kitu kimoja tu: nini kilikukera? Ukienda na trei mkononi mtu anakuwahi kwa kukwambia "bei iko juu," mnaishia hapo.

Majibu yalinifundisha. Kupasuka kulitokana na umri: kuku akizeeka yai linakuwa kubwa na ganda jembamba, na mimi nilikuwa nabania chokaa kwenye chakula. Sasa naongeza chokaa ya mifugo yenye chembe kubwa kidogo, tena jioni, maana ganda linatengenezwa zaidi usiku. Wa mgahawa alilalamikia kiini cheupe. Mahindi yetu meupe hayatoi rangi, hivyo nikaanza kuwapa kuku mchicha kila siku, na nikipata mahindi ya njano nachanganya. (Rangi ya kiini haina maana kuwa yai lina lishe kubwa zaidi, lakini anayelipa ni mteja, siyo mimi.) Kijana wa chipsi hakutaka mayai madogo ya kuku wanaoanza kutaga kwa sababu sahani yake ni ya mayai mawili. Basi nikaanza kupanga kwa ukubwa. Makubwa yanaenda kwake, madogo kwa mama wa genge anayeuza moja moja kwa bei nafuu. Huyo mama alikuwa mteja mpya kabisa, na nimempata kutokana na mayai yaliyokataliwa.

Kubwa kuliko yote ni kutokauka. Siku hizi nina makundi mawili ya kuku 150. Vifaranga wapya wanaingia kundi linalotaga likiwa na wiki kama 55, ili wakianza kutaga wakubwa wawe bado hawajaondoka. Ila angalia: mabanda yawe tofauti, kazi uanzie kwa wadogo ndipo uende kwa wakubwa, na dawa ya kukanyagia iwepo kila mlango. Usipofanya hivyo utahamisha magonjwa badala ya kuziba pengo.

Kuna wiki kuku waliumwa, nikawapa antibayotiki. Mayai ya siku hizo hayauzwi mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa upite. Nikawapigia wateja simu, nikawaeleza, kisha nikanunua trei kwa mfugaji jirani ninayejua usafi wake nikawapelekea kwa bei ileile. Sikupata faida hata shilingi. Yule mwenye mgahawa, aliyekuwa ananunua kwangu kwa kusuasua, tangu wiki ile anachukua kwangu tu. Mwenzangu naye akikwama ananipigia. Tafuta jirani wa namna hiyo mapema, usisubiri upungukiwe.

Bei sijashusha. Wapo wanaouza chini yangu, lakini yai likikutwa limepasuka au limeharibika nabadilisha bila ubishi, na saa kumi na mbili asubuhi nipo stendi. Mkopo natoa wa wiki moja, tena kwa ninayemjua. Deni likizidi hapo mtu anaanza kukukwepa, unapoteza pesa na mteja pamoja.

Kijana wa chipsi alichukua karibu miezi miwili kunirudia. Alianza na trei moja, akaivunja yote mbele yangu anakagua. Sasa anachukua mbili kwa siku, na wiki iliyopita amenileta kwa shemeji yake mwenye kibanda barabara ya pili. Kundi langu la zamani lina wiki 54. Leo mchana naenda kulipia vifaranga.