Ndege za vita za Kamina: namna ya kuzijenga upya ndani ya ordinateri bila kuharibu historia

Kila mtu wa Kamina anaijua BAKA. Hata mtoto asiyefika kule anajua kwamba nje ya muji kuna kambi kubwa ya waaskari yenye njia ndefu za ndege, iliyojengwa na Wabelgiji mbele ya uhuru. Lakini umwulize kijana wa miaka 20: babu yako aliona ndege gani zikiruka pale? Mara nyingi atanyamaza.

Wakati sisi tunanyamaza, katika nchi nyingine kuna watu wanaokesha kwenye ordinateri wakizijenga upya ndege za zamani, moja kwa moja, kusudi zirushwe katika michezo ya vita vya angani. Michezo hiyo inaitwa simulateri. Ni tofauti na michezo ya simu ya kupiga-piga risasi tu: simulateri inajaribu kuiga uzito wa ndege, upepo, mafuta na hitilafu zake. Ndege ambayo mtu anaitengeneza mwenyewe na kuiongeza ndani ya mchezo ambao haukuwa nayo, wanaiita modi.

Kwa nini jambo hilo lituhusu? Kwa sababu mbingu ya Katanga ya 1961 na 1962 ni sehemu ya historia inayowavutia watu hao. Na modi ikijengwa vibaya, maelfu ya watu wataamini uongo juu ya kilichotokea juu ya vichwa vya wazee wetu.

Ndege zilizopita hapa

Tuanze na Harvard. Katika miaka ya 1950 jeshi la anga la Ubelgiji lilikuwa na shule ya mapiloti hapa Kamina, na wanafunzi walijifunzia kwenye Harvard: ndege ya viti viwili, injini moja ya mbele yenye panga la kuzunguka, na mlio mzito ambao mtu akiusikia mara moja hausahau.

Kiisha ikaja vita. Katanga ilijitenga Julai 1960, na Februari 1961 ikapokea ndege tatu za Kifaransa aina ya Fouga Magister. Fouga ilitengenezwa kwa kufundishia mapiloti: injini mbili ndogo za jeti, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, mkia wenye umbo la V, na sauti nyembamba kama firimbi. Lakini iliweza kubeba bunduki-mashini mbili puani na mabomu madogo chini ya mabawa. Kufika Septemba 1961, imebaki moja tu inayoruka. Hiyo moja ikashambulia waaskari wa ONU kule Elisabethville, kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, na hapa kwenye kambi ya Kamina. ONU haikuwa na ndege hata moja ya kupigana nayo.

Ndiyo sababu Oktoba 1961 ONU ilileta ndege zake: Canberra za India, Sabre za Ethiopia, na ndege nene za Uswidi ambazo Waswidi wenyewe waliziita Tunnan, maana yake pipa. Hizo Tunnan zilifika kwanza Luluabourg, Kananga ya leo, na baadaye zikafanya kazi kutoka Kamina. Mwisho wa Desemba 1962 zilishambulia uwanja wa Kolwezi na kuziharibu ndege za Katanga zikiwa chini.

Kazi ya kwanza: ushahidi

Tuseme kijana wa hapa anataka kutengeneza modi ya Tunnan ya Kamina. Wengi wanadhani ataanza kwa kuchora. Hapana. Anaanza kwa kuuliza: ni Tunnan gani?

Kosa hapa ni rahisi sana. Tunnan zilikuwa za aina mbalimbali. Zile zilizokuja Kongo kupigana zilikuwa J 29B. Lakini nyingi zinazoonekana leo katika majumba ya makumbusho ni J 29F, ambayo injini yake iliongezewa kifaa cha kuchoma mafuta zaidi nyuma ili ipate nguvu. Mtu akipiga foto za ile ya makumbusho na kuzifuata sawasawa, atatengeneza ndege nzuri, lakini haitakuwa ile iliyoruka juu ya Kamina. Itapanda mbinguni haraka kuliko ilivyopanda kweli.

Kwa hiyo mjenzi anakusanya karatasi nne: michoro ya vipimo, kitabu cha piloti, foto zenye tarehe, na maneno ya walioona. Kila jambo analithibitisha kwa karatasi mbili zisizotegemeana. Ni kama sisi wa redio: habari ya mtu mmoja bado si habari.

Kazi ya pili: umbo na rangi

Kwa umbo, watu wengi wanatumia programu ya bure inayoitwa Blender. Ndege inajengwa kwa vipande vidogo vya pembe tatu na pembe nne, maelfu mengi, mpaka inakuwa mviringo. Vipimo lazima vifuatwe. Tunnan ilikuwa na urefu wa mita 10 na sentimita 23, na mabawa yenye upana wa mita 11. Mabawa yake yameinama kuelekea nyuma. Ukikosea mwinamo huo, hata mtoto aliyeiona atasema: hapana, si yenyewe.

Kuweka rangi ni kama kazi ya fundi wa kushona nguo. Fundi anakata kitambaa kikiwa bapa, kiisha anakishona kwenye mwili wa mtu. Vilevile mjenzi anaikunjua ngozi ya ndege na kuitandaza bapa kama karatasi, anachora juu yake rangi, herufi, misumari na madoa, halafu programu inaivisha ndege.

Hapa tena historia inadai heshima. Katika foto za Tunnan za Kongo unaona herufi UN ubavuni. Kuna foto za ndege zenye chuma kitupu kinachong'aa, na kuna nyingine zilizopakwa rangi ya kujificha. Zote ni za kweli, lakini si za siku moja. Mjenzi akiweka rangi ya mwishoni kwenye vita ya mwanzoni, amesema uongo bila kufungua mdomo. Na asisahau vumbi letu jekundu! Ndege iliyolala Kamina wakati wa kiangazi haiwezi kuwa safi kama sahani ya harusi.

Kazi ya tatu: namna inavyoruka

Hii ndiyo kazi ngumu zaidi, na haionekani kwa macho. Mjenzi anaandika namba: uzito ndege ikiwa tupu, uzito ikijaa mafuta na silaha, nguvu ya injini, ukubwa wa mabawa, hewa inavyoizuia. Katika FlightGear, simulateri ya bure, namba hizo zinaandikwa katika faili la maandishi ya kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. FlightGear kwanza ni ya urukaji wa kawaida kuliko vita, lakini kwa kujifunza kazi hii ni mlango mzuri.

Kiisha anajaribu. Kitabu cha piloti kinasema ndege inapanda mita elfu kadhaa kwa dakika kadhaa. Je, ya kwake inapanda vilevile? Kinasema ikipungua mpaka mwendo fulani inaanguka. Ya kwake inaanguka kwenye mwendo huo? Kama hapana, anarudi kwenye namba. Lakini asibadilishe namba ovyo mpaka jibu lifanane. Atafute ni namba gani ilikuwa ya uongo.

Na kuna jambo ambalo mtu wa Ulaya analisahau: hewa ya kwetu. Kambi ya Kamina iko karibu mita 1,080 juu ya bahari. Saa nane mchana joto likifika digri 30, hewa inakuwa nyepesi kama ile ya mita 1,900 hivi katika vipimo vya kawaida. Ni pungufu ya karibu asilimia 17 ukilinganisha na pwani siku ya digri 15. Injini inapata hewa kidogo, mabawa yanapata egemeo kidogo. Ndege yenye mabomu inakimbia mbali zaidi mbele ya kuinuka. Mtu akiijaribu modi yake kwenye uwanja wa baridi kando ya bahari, atasema Fouga ilikuwa nyepesi kama shomoro. Piloti aliyeruka nayo hapa mchana angemcheka.

Namba zinapokuwa jambo la kifo

Mtu anaweza kusema: huu ni mchezo tu. Basi tuangalie Ndola.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 iliyombeba Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa anakwenda kuongea na Moïse Tshombe kusudi vita isimame. Watu 16 waliokuwa ndani wote walipoteza maisha, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini. Tangu siku hiyo watu wanauliza: ilikuwa ajali, ao ilishambuliwa? Na jina la ndege linalotajwa mara nyingi ni Fouga ya Katanga.

ONU ilifungua tena uchunguzi, na aliyepewa kazi hiyo tangu 2015 ni Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Katika ripoti yake ya 2017 aliandika kwamba inawezekana shambulio ao tishio kutoka nje lilikuwa sababu mojawapo. Hakusema kwamba imethibitishwa.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kutoka Kolwezi mpaka Ndola, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 430. Kwenda na kurudi ni 860. Vitabu vinaandika kwamba Fouga ya kawaida ilifika karibu kilomita 925 kwa mafuta yake. Unaona? Inafika, lakini mafuta ya kuzunguka na kungojea ni kidogo sana. Jeti ikiruka chini inakunywa mafuta zaidi kuliko ikiwa juu, na hapo hesabu inabana zaidi. Lakini kama iliondoka kwenye kiwanja cha karibu na mpaka, hesabu yote inabadilika.

Ndiyo maana mjenzi hana ruhusa ya kuongeza lita mia moja kwenye tanki kusudi mchezo uwe mtamu. Modi yenye mafuta mengi kupita kiasi itafanya mtu aseme: nimejaribu mwenyewe, nimefika, nimerudi, basi ni Fouga. Modi yenye mafuta kidogo itafanya mwingine aape kwamba haiwezekani kabisa. Modi nzuri haiamui kesi. Inaonyesha tu ni nini kiliwezekana na ni nini hakikuwezekana, na hata hapo ni kwa namba zilizothibitishwa.

Kile ambacho sisi tunacho

Michoro na vitabu vya piloti vingi viko Ufaransa, Ubelgiji na Uswidi. Lakini kuna ushahidi uliobaki hapa tu. Mtu aliyekuwa na miaka 12 mwaka wa 1961 leo amepita miaka 75. Aliona ndege zilitokea upande gani, alisikia sauti gani, anakumbuka rangi. Kuna waliofanya kazi kambini kama wapishi, mafundi, wachukuzi. Kuna foto ndani ya masanduku.

Ukienda kumwuliza mzee, usimtilie jibu mdomoni. Usiseme: ndege ilikuwa nyeupe, sivyo, baba? Uliza: ilikuwa namna gani? Mwache aseme. Andika jina la mahali, majira ya mwaka, na kama aliona mwenyewe ao aliambiwa. Foto usiondoke nayo, ipige kwa simu na umrudishie palepale. Tena, tafadhali: BAKA ni kambi ya waaskari. Usiende kupiga foto kule bila ruhusa, hata kama ni kwa ajili ya historia.

Na jambo la mwisho. Katika simulateri, chini ya mabawa kuna miti, barabara na reli, lakini hakuna watu. Katika kaskazini ya Katanga ya miaka ile, watu walikuwako. Vijiji viliunguzwa, familia zilikimbilia porini, na katika nyumba nyingi za Haut-Lomami kuna jina ambalo bado linatajwa kwa sauti ya chini. Mjenzi anayehesabu kila msumari wa ndege, lakini anawasahau hao, modi yake bado haijakamilika.

Kama nyumbani kwako kuna mzee anayekumbuka ndege hizo, keti naye wiki hii. Mwulize. Na andika.