Karatasi ya mwani na mgomba: jinsi inavyotengenezwa na inavyotumika

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Katika mashamba ya kando ya Mto Tana, kama ya Kulesa, mashina hayo kwa kawaida huachwa yaoze. Shina hilo lina nyuzi zinazoweza kutengeneza karatasi kwa mkono. Mwani kutoka pwani unaweza kuongezwa ili kuipa karatasi rangi na mnato.

Kwa nini vichanganywe?

Mwani mwekundu, kama unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, una nyuzi chache. Umejaa utomvu mzito unaotumiwa viwandani kutengeneza dawa ya meno na aiskrimu. Ukiutumia peke yake, karatasi hujikunja na kuvunjika. Hata kampuni ya Favini ya Italia, inayotumia mwani wa Venice tangu miaka ya 1990, huuchanganya na nyuzi za miti. Kwetu sisi, nyuzi zitoke kwa mgomba na karatasi kuukuu.

Hatua za kufuata

1. Osha mwani kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa, kisha ukatekate.
2. Katakata shina la mgomba vipande vifupi. Chemsha kwa maji ya majivu yaliyochujwa kwa saa kadhaa, hadi nyuzi zilainike.
3. Suuza nyuzi vizuri, kisha uzitwange kwenye kinu pamoja na karatasi kuukuu iliyolowekwa usiku kucha. Ongeza mwani kidogo.
4. Mimina rojo hilo kwenye beseni pana lenye maji, ukoroge.
5. Zamisha fremu ya mbao yenye wavu wa dirisha, uiinue ikiwa sawa na uache maji yachuruzike.
6. Pindua fremu juu ya kitambaa, kandamiza kwa ubao na mawe, kisha anika kivulini.

Tahadhari: maji ya majivu huchoma ngozi na kula sufuria ya alumini. Vaa glavu, tumia chombo cha chuma, na usimwage maji hayo mtoni.

Inafaa kwa nini?

Karatasi hii hufaa kwa kadi za harusi, vyeti, majalada ya vitabu, visanduku vya zawadi na vivuli vya taa. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya zawadi pia ina nafasi. Wino ukienea, paka uji mwepesi wa wanga wa muhogo. Haifai kufungia samaki wabichi wala kushindana kwa bei na daftari za dukani.

Kabla ya kuanza

Tafuta mnunuzi kwanza. Tengeneza karatasi chache, uwaonyeshe wachapishaji wa kadi na wauzaji wa zawadi, kisha ukadirie kuni, maji na siku za kazi. Wenzetu wa Kisumu hutumia gugumaji, na wa Mwaluganje, Kwale, kinyesi cha ndovu. Bidhaa zao hununuliwa kwa sababu zina hadithi ya mahali zinapotoka.

Usichukue mashina yote: yanayooza hurutubisha udongo, na mengine ni lishe ya mifugo. Ukihitaji mwani, okota uliotupwa ufuoni na mawimbi, kwa kiasi, wala usiung'oe baharini, kwani samaki wadogo hujificha humo.