Setilaiti Juu ya Nakivale

Wengi wanaotoka Mbarara kwenda kambi ya wakimbizi ya Nakivale huzima ramani ya simu bando likiisha. Si lazima. Simu hupokea bure mawimbi ya setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya dunia. Ikizipata nne, inajua ilipo.

Kinachokula bando ni ramani yenyewe. Ipakue ukiwa mjini, na ile nukta ya buluu itasogea nawe hadi Rubondo, ndani ya kambi, hata mtandao ukikatika.

Shida ni majina. Kambi hii imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini vichochoro vingi hutambulika kwa kanisa, duka au mti tu. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, humruhusu yeyote kuviandikia majina. Wewe unayeishi Juru, humo kambini, anza na chako.