Ushindi wa Ugenini, Sebuleni

Mechi ya ugenini humfikia shabiki wa Tanzania kwa njia nne: redio, runinga ya nyumbani, kibanda umiza na simu. Wanaosafiri na timu kuvuka mipaka ni wachache, maana safari hiyo inadai pasipoti, viza na nauli ya ndege, na mwenye genge la nyanya hawezi kutoa fedha hizo kwa ajili ya dakika 90. Hata hivyo ushindi unaopatikana katika uwanja wa mwenyeji ndio unaothaminiwa kuliko wote, kwa sababu timu huupata pasipo sauti za watu wake.

Kwa miaka mingi redio ndiyo iliyokuwa uwanja. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, akina Charles Hilary, waliwafanya wasikilizaji waone kwa masikio. Utangazaji wa mpira kwa Kiswahili una ramani yake: timu hii inashambulia goli lililo kushoto mwa redio yako, ile nyingine lililo kulia. Msikilizaji huutazama mkebe wa redio kana kwamba ni nyasi, na winga anapotajwa kuwa amefika kwenye kibendera, kila aliyeketi pale anajua ni upande gani. Mpira wa redio una ukali wake, kwani shambulizi hupanda kwa sauti ya mtangazaji kabla halijaeleweka, na kimya cha sekunde mbili kinatosha kumtoa mtu jasho.

Runinga ilileta picha, na kwa wasio na king'amuzi kikaja kibanda umiza: mabenchi, kiingilio kidogo na joto la watu waliobanana. Picha ya setilaiti huchelewa kwa sekunde kadhaa, na ya intaneti kwenye simu huchelewa zaidi. Ndiyo maana mtaani bao hushangiliwa kwa mafungu. Mwenye simu husikia kelele kutoka nyumba ya tatu, akajua kuna jambo, ila hajui ni heri au balaa. Kelele nazo hazimsaidii sana, kwa sababu ya utani wa jadi: Yanga ikicheza na wageni, shabiki wa Simba aliye chumba cha pili huwa amekwisha kuwa upande wa wageni hao, na kinyume chake ni vivyo hivyo.

Msimu wa 2022/23 uliwapa mashabiki wa Yanga sababu nyingi za kukesha. Katika Kombe la Shirikisho la Afrika timu yao ilishinda Radès kwa bao la Stephane Aziz Ki dhidi ya Club Africain, ikashinda Lubumbashi kwa TP Mazembe, ikashinda Uyo nchini Nigeria kwa mabao mawili ya Fiston Mayele, kisha ikaifunga Marumo Gallants 2-1 huko Rustenburg, Afrika Kusini, na kuingia fainali. Tangu Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imefika hatua hiyo katika mashindano ya Afrika.

Mechi ya kwanza ya fainali ilipigwa Dar es Salaam tarehe 28 Mei 2023, na USM Alger ya Algeria ikashinda 2-1. Hapo ndipo hesabu zilipoanza, na shabiki aliyebaki nyumbani ni hodari wa hesabu hizi. Kwa kanuni ya CAF, jumla ya mabao ikilingana, timu yenye mabao mengi ya ugenini ndiyo inayopita. Yanga ikishinda 1-0, jumla ni 2-2 na kombe linabaki Algeria, kwa kuwa Waalgeria wana mabao mawili ya ugenini na Yanga moja. Ikishinda 2-1, kila kitu kinalingana. Ikishinda 2-0 au 3-2, kombe ni lake.

Mechi ya marudiano ilichezwa tarehe 3 Juni katika Uwanja wa 5 Julai, unaobeba tarehe ya uhuru wa Algeria. Huko ilikuwa saa 2 usiku, Tanzania saa 4, watoto wamelala na sauti ya runinga imepunguzwa. Dakika ya 7 Djuma Shabani akafunga kwa penalti. Lilibaki bao moja tu, na zaidi ya dakika 80 za kulitafuta. Kipindi cha pili wenyeji wakapata penalti yao, kipa Djigui Diarra akaipangua, na hesabu ikabaki hai. Kuanzia hapo kila mpira wa kona ulitazamwa kwa kusimama.

Bao la pili halikuja. Yanga ilishinda 1-0 katika uwanja wa bingwa mpya, jambo ambalo timu chache hulifanya, na bado ikakosa kombe. Mayele alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao 7. Ilipokaribia saa 6 usiku, Waalgeria walionekana kwenye skrini wakinyanyua kombe, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam watu waliovaa kijani na njano walikuwa bado wameketi, wakirudia hesabu ya mabao kwa vidole.