Vinasaba Vyafichua Ruba Aliyebandikwa Jina Lisilo Lake

Kidole kilichokatika kikishonwa tena, ateri huleta damu, lakini vena ndogo mara nyingi hushindwa kuirudisha. Kidole huvimba, hugeuka zambarau, na kinaweza kufa. Hapo ndipo daktari huweka ruba. Hunyonya damu iliyotuama, na mate yake yana hirudini, kemikali inayozuia damu kuganda. Hata akishiba na kuachia, jeraha huendelea kuvuja kwa saa kadhaa, na kidole hupata nafuu huku vena mpya zikiota.

Ruba huyo wa hospitali alijulikana kwa jina moja: Hirudo medicinalis. Mwaka 2004 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha auzwe kama kifaa cha tiba kwa jina hilohilo. Miaka mitatu baadaye Mark Siddall, wa jumba la makumbusho ya viumbe na mali asili jijini New York, pamoja na wenzake walipima vinasaba vya maruba waliokuwa wakiuzwa. Walikuta ni Hirudo verbana.

Verbana alikuwa ameelezwa tangu 1820, ila wengi walimhesabu kuwa medicinalis mwenye rangi tofauti tu. Rangi hudanganya, vinasaba ni shahidi bora. Watafiti walisoma jeni za mitokondria, ambazo hutofautiana waziwazi kati ya spishi na spishi. Kwa kuwa mitokondria hurithiwa kwa mama, walipima pia vinasaba vya kiini cha seli, wasije wakachukua chotara kuwa spishi kamili. Majibu yakalingana, na ikabainika kuwa maruba wa tiba walioko porini Ulaya ni spishi tatu au zaidi.

Hili si suala la majina matupu. Utafiti wa dawa uliofanywa kwa spishi moja ukaandikwa kwa jina la nyingine unahitaji kuangaliwa upya. Hata ulinzi wa maruba uliyumba: medicinalis, aliyevunwa kwa mamilioni katika karne ya 19, aliwekwa mwaka 1987 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na verbana akaongezwa baadaye.

Ikiwa hata ruba wa kununuliwa aliitwa kwa jina lisilo lake, wa bwawani tusimjaribu nyumbani. Utumbo wa ruba hubeba bakteria wa Aeromonas, na ndiyo maana hospitalini mgonjwa hupewa antibiotiki.