Je, Wajua? Kadi ya Njano Mpakani Busia

Gari la Kenya likishavuka Busia na kukata kona kuelekea Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, bima ya kawaida ya Kenya haitoshi tena. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inadai kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, la mgeni vilevile.

Njia nyepesi ni Kadi ya Njano ya COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Mkataba wake ulitiwa saini Addis Ababa mwaka 1986, na kadi zikaanza kutumika 1987. Huombwa kwa kampuni iliyokukatia bima nyumbani, kabla ya safari. Kadi moja hutambuliwa nchi kadhaa, hivyo mwenye lori la kutoka Mombasa hadi Kigali haanzi kununua bima upya kila mpaka. Hata Tanzania, iliyojitoa COMESA mwaka 2000, imebaki katika mpango huu.

Soma vizuri kinacholipwa, maana hapa ndipo wengi huumia. Kadi hulipia madhara uliyomsababishia mwingine, kwa viwango vya sheria ya nchi ulimo, pamoja na matibabu ya dereva na abiria wako. Gari lako likipondeka au kuibwa, haihusiki. Hilo ni la bima kubwa, na hata hiyo lazima kampuni iiongeze kwa maandishi ifike Uganda. Usikubali ahadi ya mdomo. Na kadi ya mtembeza karatasi wa mpakani, eti ya bei rahisi, iache: ikiwa bandia, majeruhi wa ajali hatalipwa na mtu ila wewe.